Umeme wa Kwenda na Kurudi: Shajara ya Chaja ya Pikipiki

Wiki ya 1

Mdogo wangu anaendesha bodaboda ya umeme hapa Temeke. Betri yake ina seli 20 za lithiamu zilizofungwa mfululizo: ikijaa inasoma volti 84, ikiisha kabisa inashuka hadi 60. Ni ya ampea-saa 40, kwa hiyo ndani yake mna karibu kilowati-saa 2.9. Kila usiku betri hiyo inalala ukumbini, hatua sita kutoka kwenye friji ambamo mama anaweka samaki wake wa kuuza. Umeme ukikatika usiku wa manane, barafu inaanza kuyeyuka, na akiba ya kuizuia isiyeyuke ipo palepale, haina mlango wa kutokea.

Chaja iliyokuja na pikipiki inajua njia moja tu. Upande wake wa betri una dayodi, na dayodi hairudishi kitu. Mimi natengeneza na kukarabati mashine za kuchomelea na UPS, kwa hiyo umeme wa volti 400, ule wa ukutani uliokwisha kunyooshwa kuwa wa moja kwa moja (DC), si mgeni kwangu. Nimeamua kutengeneza chaja ya kwenda na kurudi: usiku itoe umeme kutoka upande wa volti 400 iupeleke kwenye betri, wati 1,000, umeme ukikatika igeuze safari, ipandishe volti za betri hadi kwenye 350 au zaidi, na inveta itengeneze 230 za friji. Njia ya kurudi naipangia wati 400.

Wazo lenyewe lina historia. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 huko Japani, Nissan ilitoa mwaka 2012 mfumo ulioitwa LEAF to Home: gari lenye betri ya kilowati-saa 24 likalisha nyumba hadi kilowati 6. Betri ya mdogo wangu ni kama sehemu ya nane ya ile. Friji moja inatosha.

Wiki ya 2

Wiki nzima ya kuchagua mzunguko. Nimejaza kurasa nane.

Njia ya kwanza ni ile ya madaraja mawili ya mosfeti (swichi za kielektroniki) yenye transfoma katikati, iliyoelezwa na De Doncker, Divan na Kheraluwala mwaka 1991. Unaendesha daraja moja, unachelewesha la pili kidogo, na umeme unatoka lililotangulia kwenda lililochelewa. Ukitaka urudi, unabadilisha nani atangulie. Ni mzunguko ninaouheshimu. Shida yake ni betri kama hii, ambayo volti zake zinatembea kutoka 60 hadi 84. Volti za pande mbili zisipolingana na mzigo ukiwa mdogo, mosfeti zinaanza kuwaka zikiwa na volti juu yake, na kila kuwaka huko ni joto. Friji ni mzigo mdogo kwa saa nyingi.

Njia ya pili ni ya rezonansi. Hapa naandika jinsi ninavyoielewa, maana mdogo wangu aliniuliza na nikamjibu kwa kinu. Watwangaji wawili wanapotwanga katika kinu kimoja, kila mmoja anasubiri mchi wa mwenzake upande ndipo wake ushuke. Hakuna anayevuta mchi kwa nguvu katikati ya safari yake. Anaupokea pale juu, unapokuwa mwepesi mkononi. Koili na kapasita zikiwekwa pamoja zinaupa mkondo mwendo wa namna hiyo, wa kupanda na kushuka wenyewe. Mosfeti zikibadilishana zamu kwa kufuata mwendo huo, zinashika kazi wakati volti juu yao imekwisha kushuka hadi sifuri. Na kama watwangaji, lazima pawe na pengo dogo kati ya mmoja na mwingine. Mosfeti mbili za mguu mmoja wa daraja, ya juu na ya chini, zikikutana ndani ya kinu, huo ni mzunguko mfupi wa volti 400.

Mzunguko wa rezonansi ulioenea kwenye chaja una koili na kapasita upande mmoja tu wa transfoma. Kwenda, ni mzuri sana. Kurudi, unapungukiwa. Sababu ni hii: usumaku wa transfoma yenyewe ndio unaosaidia kupandisha volti masafa (mapigo kwa sekunde) yakishuka, na ukiuendesha kutoka upande usio na koili wala kapasita, usumaku huo unabanwa moja kwa moja na daraja linalosukuma, hauna nafasi ya kushiriki. Volti hazipandi kupita uwiano wa mizunguko ya waya. Tiba ni kuweka koili na kapasita pande zote mbili, ili umeme ukitazama kutoka kulia au kushoto uone kitu kilekile. Mzunguko huo unaitwa CLLC. Texas Instruments wana usanifu wa mfano wa aina hiyo, kilowati 6.6 kwa ajili ya chaja ya ndani ya gari, unaofanya kazi karibu na kilohezi 500, yaani mapigo 500,000 kwa sekunde. Mimi nitakaa kwenye 150. Kwenye 500, kila sentimita ya waya ni koili, na meza yangu haina usahihi huo.

Wiki ya 3

Hesabu zimetulia. Uwiano wa transfoma 25 kwa 5. Upande wa volti 400: mikrohenri 42 na nanofaradi 27, rezonansi ikaangukia kilohezi 149.5. Upande wa betri kila kitu kinagawanywa au kuzidishwa kwa 25, yaani uwiano wa 5 mara 5: mikrohenri 1.68, mikrofaradi 0.68. Usumaku wa transfoma nimeupa mikrohenri 420.

Volti 400 nitazipata kwenye kitengo cha kuingizia umeme kutoka pawasapulai ya seva ya zamani; kinatoa volti 395 tulivu. Upande huo nimenunua mosfeti za silikoni kabaidi za volti 650, geti zake (pini za kuwashia) zinaendeshwa kwa volti 15 na kuzimwa kwa hasi 4. Upande wa betri, mosfeti za volti 150 zenye upinzani wa miliomu 5. Ubongo ni kidhibiti kidogo (maikrokontrola) STM32G474, kwa sababu saa yake ya mapigo inaweza kupima hatua za pikosekunde 184, na katika kazi hii ya kupokezana zamu sitaki kubahatisha.

Wiki ya 4

Transfoma. Nilikwenda Gerezani kwa mzee anayesuka mota, ambaye alinifundisha kufunga koili nilipokuwa natoka chuo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeleta mota gani?"

Nilipomwonyesha kiini cha feraiti (kauri ya sumaku) cha umbo la ETD49 alikigeuzageuza, akasema waya mnene utakaa vizuri, mizunguko ni michache. Kwa mota ya hertzi 50 angekuwa sahihi. Kwenye kilohezi 150 mkondo unakimbilia ngozi ya waya, kina cha kama milimita 0.17 tu, katikati ya waya mnene panabaki shaba isiyofanya kazi. Nilimwomba tusokote nyuzi nyembamba za milimita 0.1, nyingi, kila moja na vanishi yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akatoa kifaa chake cha kusokotea kamba za mota kubwa, akakifunga kwenye drili. Tulifanya kazi hadi alasiri. Msokoto wake ni sawa kuliko wowote ambao ningeutengeneza peke yangu.

Nimerudi nyumbani nikaipima. Upande wa pili ukiwa umefungwa pamoja, wa kwanza unasoma mikrohenri 14 za uvujaji. Hizo si hasara, ni koili ya bure: nusu naihesabu upande huu, nusu upande ule. Koili za nje zikapungua hadi mikrohenri 35 na 1.4.

Wiki ya 6

Umeme wa kwanza kwenda. Mzigo ulikuwa taa za balbu badala ya betri, kwani betri ni mali ya mtu na inaweza kuungua.

Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, volti ya mguu wa daraja ilishuka hadi sifuri kabla geti haijawaka, laini, bila mwiba. Nilikaa nikaitazama dakika nyingi. Pengo la muda la nanosekunde 150 linatosha. Kwa hesabu yangu silikoni kabaidi hizi zinahitaji kama 100.

Wati 300, sawa. Wati 600, harufu. Kapasita ya mikrofaradi 0.68 upande wa betri ilikuwa imevimba kiunoni. Nikazima.

Nimeisoma tena kwa miwani. Imeandikwa MKT. Hiyo ni poliesta. Niliyohitaji ni MKP, ya polipropilini. Kwa macho ni kisanduku kilekile, volti zilezile, thamani ileile, na kwenye kazi ya umeme wa kawaida usingeona tofauti. Lakini hapa mkondo wote wa betri unapita ndani ya kapasita hiyo, huku na huku, mara 150,000 kwa sekunde. Kwenye wati 1,000 ni kama ampea 15.5 kwa volti 24, yaani nguvu inayoingia na kutoka ni karibu 370. Poliesta inakula kama asilimia 2 ya hiyo: wati 7 ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Polipropilini inakula sehemu ya kumi ya asilimia hivi. Kosa ni langu, nilinunua kwa thamani bila kutazama herufi.

Nimeagiza kumi za MKP za nanofaradi 68 na nitazifunga sambamba, ili mkondo ugawane.

Wiki ya 7

Kapasita kumi zimekaa, hazipati hata vuguvugu. Wati 1,000 zimepita kwa dakika 40.

Jambo moja lilinisumbua siku tatu. Masafa ambayo mkondo wa upande wa betri ulikuwa safi zaidi hayakuwa 150, yalikuwa kama 143. Nilipima koili, sawa. Nilipima kapasita, sawa. Mwisho nikapima waya zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye daraja: sentimita 12 kila mmoja, umbo la kitanzi kipana. Kitanzi hicho peke yake kilikuwa na mikrohenri 0.15. Upande wa volti 400 hiyo si kitu. Upande wa betri, ambako koili nzima ni 1.68, ni karibu sehemu moja ya kumi na moja. Nimezifupisha, nikazilaza bega kwa bega, na rezonansi za pande mbili zikakutana.

Wiki ya 9

Umeme wa kwanza kurudi. Siku mbaya.

Nilidhani kazi ngumu imekwisha, kwa kuwa mzunguko ni ule ule ukitazamwa kutoka pande zote. Niliunga betri, nikaweka kilohezi 200 ili kuanza kwa upole, nikawasha. Mlio mmoja. Fyuzi ya ampea 40 imekatika na mosfeti mbili za upande wa betri zimekufa zikiwa zimeshikana.

Sababu niliiona jioni, nikiwa na kalamu. Kapasita za kuhifadhi upande wa volti 400, jumla mikrofaradi 440, zilikuwa tupu. Kapasita tupu ni mzunguko mfupi hadi ipate chaji. Kwenye safari ya kwenda, zile kapasita zilikuwa zimejazwa tayari na kitengo cha seva, na upande wa pili kulikuwa na balbu. Kwenye kurudi, betri ilikutana na utupu, na kizuizi pekee kilikuwa koili na kapasita za rezonansi: kwenye kilohezi 200 ni kama omu 1.84 tu. Volti 72 kwenye omu 1.84 zinatoa zaidi ya ampea 35 papo hapo. Hata ningeanza na kilohezi 300, zingekuwa karibu 15.

Betri haikuumia. Nimempa mdogo wangu taarifa kamili, na nimeongeza fyuzi ya pili ndani ya plagi ya betri yenyewe kabla ya kuigusa tena.

Wiki ya 10

Programu mpya ya kuwasha njia ya kurudi: inaanza kilohezi 300 na mapigo membamba sana, kwa kuuchelewesha mguu mmoja wa daraja dhidi ya mwingine, kisha inayapanua kwa sekunde moja na nusu. Nishati ya kujaza zile kapasita hadi volti 360 ni jouli 29 tu, kwa hiyo hakuna haja ya haraka. Mkondo haukupita ampea 5. Imewaka mara 30 mfululizo, nimehesabu.

Wiki ya 11

Balbu upande wa volti 400, betri ikisukuma wati 400. Betri ikiwa na volti 79, upande wa pili unasoma 395. Sikuhitaji hata kudhibiti: kwenye rezonansi yenyewe mzunguko unazidisha kwa 5 na kutulia hapo, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Inveta yangu inakubali chochote kati ya 350 na 420. Basi kuanzia volti 70 za betri hadi 84 naacha masafa kwenye 150 na kuiacha inveta ipokee kinachokuja. Ni nadra mzunguko kukupa zawadi kama hiyo.

Tatizo liko chini ya 70. Betri ikishuka hadi 62, mara 5 ni 310, haitoshi. Nikashusha masafa hadi 105 ili volti zipande, zikaishia 337. Zaidi ya hapo zilikataa. Usumaku wa mikrohenri 420 ni mkubwa mno. Transfoma haikopeshi nguvu ya kutosha kwenye koili na kapasita za rezonansi.

Kuna njia ya kulipia: ongeza nafasi kati ya vipande viwili vya feraiti, usumaku unapungua, upandaji unaongezeka. Bei yake ni mkondo unaozunguka bure ndani ya transfoma kila wakati, hata mzigo ukiwa sifuri. Kwa mikrohenri 210 ningepata volti za kutosha, na mkondo huo ungefika kilele cha ampea 3.2, mara mbili ya sasa. Niliandika namba hizi mbili kwenye karatasi nikaibandika ukutani, nikazitazama siku mbili.

Jibu lilitoka kwa mdogo wangu. Aliniambia, "Dada, mimi mwenyewe siifikishi huko chini. Ikifika sitini na sita naitafutia chaji." Volti 66 ni 3.3 kwa seli, na seli zinaishi zaidi zikiachiwa hapo. Nimeweka plastiki ya milimita 0.28 badala ya 0.2 kati ya feraiti, usumaku umekuwa mikrohenri 300, na kwa betri ya volti 66 kwenye kilohezi 120 napata 355. Kilele cha mkondo wa usumaku ni ampea 2.2. Chini ya volti 66 mashine inazima kurudi yenyewe.

Wiki ya 12

Mosfeti za upande unaopokea zilikuwa zinafanya kazi kama dayodi tu. Volti karibu mbili zinapotea njiani, na kwa ampea 14 hizo ni wati 25. Nimefunga kitransfoma kidogo cha kupimia mkondo, na programu sasa inawasha mosfeti mkondo unapoanza na kuizima kabla haujageuka. Wati 25 zimekuwa chini ya 3. Kuizima mapema kunapoteza kidogo. Kuizima kwa kuchelewa kunarudisha umeme ulikotoka. Nimechagua kuwahi kwa nanosekunde 80.

Kwenda, wati 1,000: ufanisi asilimia 96. Kurudi, wati 400: asilimia 94 na nusu. Mita zangu zinaweza kukosea kwa asilimia moja, kwa hiyo nisidai zaidi.

Kuchaji kumekamilika pia. Betri ya volti 66 inaanza kilohezi 215, masafa yanashuka kadiri inavyojaa, inapita 150 ikiwa kwenye 79. Kuanzia volti 80 napunguza mkondo hadi ampea 7, kwa kuwa juu ya hapo mzunguko hauwezi kupandisha volti na kubeba wati 1,000 kwa pamoja.

Wiki ya 14

Inveta imeungwa kwenye soketi yake peke yake, yenye rangi nyekundu, isiyogusana na waya wa nyumba. Hili sitalegeza. Umeme unaorudi kwenye waya wa nyumba unaweza kutoka hadi mtaani, na fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kufa yeye. Friji inachomolewa kwa mkono kutoka soketi nyeupe kwenda nyekundu. Mama amejifunza.

Usiku wa Alhamisi umeme ulikatika saa saba kasoro. Nilisikia feni ikisimama, halafu nikasikia mama akitembea gizani, halafu mlio mdogo wa friji ikianza. Betri: volti 82.9. Nilikaa na mita hadi umeme uliporudi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Betri: 79.4. Zimetumika karibu kilowati-saa 0.45. Mama alifungua friji, akagonga barafu kwa ukucha, akaanza kupanga samaki kwenye beseni kama siku zote.

Mdogo wangu amelalamika, na ana haki. Nishati hiyo ni kama kilomita 12 za barabara, abiria watatu au wanne wa asubuhi. Nilipogawanya namba, karibu wati-saa 70 kati ya hizo hazikwenda kwenye friji. Friji inapumzika zaidi ya nusu ya muda wake, na wakati huo kigeuzi, yaani chaja yangu hii, kinazungusha mkondo wa usumaku bure, wati 14 bila kupumzika. Kazi ya wiki ya 15: friji ikipumzika, kigeuzi nacho kifanye kazi kwa vipindi, milisekunde chache kikiwaka na nyingi kikiwa kimezima, kapasita za mikrofaradi 440 zikishika volti katikati. Jaribio la kwanza leo mchana, nikiwa na balbu moja ndogo, limesoma wati 4. Koili inaimba kidogo kila kipindi kinapoanza. Kesho nitaipaka vanishi nisikie tena.